Tulipue Tu

Jumatatu, tarehe 9

Chiriku wangu,

Najua utaipokea barua hii ukiwa umenuna, kwa sababu ulikuwa likizo na wamekurudisha kazini kabla hata nguo hazijakauka kambani. Aliyenitonya ni dereva wenu, yule mnayemwita Babu Breki, alipopita kuchukua mikate ya kambi. Naandika kwa kalamu kama watu wa zamani kwa kuwa simu zenu mnaziacha getini, na Babu Breki amekubali kuwa posta yetu mradi tusimharakishe.

Redio inasema tangu asubuhi. Mmemkamata fundi wa kuchomelea vyuma wa uwanja mpya wa michezo. Sauti yake imenaswa kwenye simu akimwambia mwenzake: "Tulipue jukwaa la mashariki, Ijumaa ndiyo hiyo." Mtangazaji aliyarudia maneno hayo kana kwamba anayafurahia. Ijumaa ndiyo ufunguzi. Kwaya za shule zote za mji zitakaa jukwaa hilo hilo la mashariki, na yetu imo. Mwanangu amewekwa mstari wa mbele kwa ajili ya sauti yake, na kiongozi wa kwaya, kama umesahau, ni mimi.

Sitaki kukufundisha kazi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, sijawahi kumhoji mtu zaidi ya mwanafunzi aliyenakili insha ya mwenzake. Lakini ulikuwepo siku ile ya bomu la sokoni, na uliniona nikimtambua wifi yako kwa viatu. Waliolitega mpaka leo hawajulikani. Safari hii mmempata mtu kabla, si baada. Nasikia wenzako wanakuita Mama Chai kwa jinsi unavyowakarimu wahalifu. Mdogo wangu, huyu usimpe chai. Huyu apigwe mpaka aseme bomu liko wapi, na akishasema apigwe tena kwa niaba ya wifi yako.

Nisamehe mwandiko.

Kaka yako,
Mwalimu


Jumanne, tarehe 10

Kaka, Mwalimu wa walimu,

Barua yako nimeisoma chooni, maana huku ndiko pekee ambako mtu anaweza kulia bila kuulizwa sababu. Sikulia sana. Nilikasirika kwanza, kisha nikakuonea huruma, kisha nikarudi kazini.

Nitakueleza nilichokikuta, halafu unitukane ukijua unachokitukana. Chumba chetu cha mahojiano kina meza ya chuma, viti, feni inayolalamika na dirisha lililopakwa rangi nyeupe. Fundi mwenyewe ni mtu wa makamo, mikono yote ina makovu madogo ya cheche. Nilipofika walikuwa wameshamwanza. Wanamsimamisha ukutani mikono juu, akisinzia wanammwagia maji, halafu anaingia mwenzangu mmoja tunayemwita Nyundo, na jina hilo hakulipata kwa useremala. Nyundo si shetani, kaka. Ana watoto, anawapenda, na anaamini kila kofi analompiga yule mtu linawaokoa. Hilo ndilo linalonitisha.

Kabla hajaguswa sana, Fundi alisema sentensi moja tu: "Bwana, hiyo ilikuwa kazi." Nyundo akaona anamtambia, kwamba kulipua watu ndiyo kazi yake, na hapo ndipo kipigo kilipoanza kwa dhati. Kufika jana mchana akakubali. Bomu liko chini ya ofisi ya tiketi, akasema. Wakaenda na makoleo wakachimba sakafu mpya yote, wakakuta bomba badala ya bomu, wakalipasua, na mpaka leo uwanja mzima hauna maji.

Mimi nilimwambia Mkuu wetu kwamba sitaingia chumbani humo wakati mtu anapigwa. Akaniuliza mbele ya wote kama nataka watoto wafe. Nikamjibu kwamba mmoja wa watoto hao ni wa kaka yangu, na ndiyo maana nataka ukweli. Akasema sawa, nikae nje niandike atakachosema. Basi mda wote nimekaa kwenye kibaraza nikisikiliza ukuta.

Mbusu binti. Mwambie shangazi yake anajua beti zote za wimbo wao.

Mdogo wako,
Chiriku


Jumatano, tarehe 11

Mdogo wangu,

Kwanza, si "mda". Ni "muda". Nilikufundisha neno hilo ukiwa na meno ya utotoni.

Pili, umenisikitisha. Umekaa kibarazani. Mtu anajua mahali ambapo mwanangu atafia, na wewe umekaa kibarazani kwa sababu hupendi kelele. Unaniambia Nyundo anakutisha. Mimi huyo Nyundo nataka nimnunulie soda.

Jana Mkuu wenu aliwaita walimu wakuu na viongozi wa kwaya wote wa mji. Nilienda na swali moja, kama tuzitoe kwaya. Akatuhakikishia kwa mdomo wake kwamba mshukiwa amekamatwa, anazungumza vizuri, na kila gari litakaguliwa. Pembeni yake alikaa mkandarasi aliyejenga uwanja, kavaa suti inayong'aa, akitikisa kichwa kukubali kila neno. Tukapiga makofi. Nikarudi nikawaambia watoto wataimba. Wamefanya mazoezi tangu muhula uliopita, na wimbo wa mwisho ni ule aliokuwa akiuimba mama yake binti akipiga pasi. Binti amesema bila wimbo huo haendi popote. Ningemwambiaje?

Wewe hukuzaa, ndiyo maana unaweza kuzungumza habari za ukweli na mikono safi. Angekuwa wako aliye mstari wa mbele, ungempiga wewe mwenyewe, na Nyundo angekushika mkono akikusihi upunguze.

Mwalimu


Alhamisi, tarehe 12, asubuhi

Kaka,

Hilo la kutozaa nimelisoma, nimelikunja, nimeliweka. Tutalizungumza siku nyingine, na utaniomba radhi ukiwa umesimama.

Sasa sikiliza, maana kukaa kibarazani kuna faida yake. Nimegundua kitu. Asubuhi ya kwanza, kabla Fundi hajataja ofisi ya tiketi, Nyundo ndiye aliyeuliza, "Liko chini ya ofisi ya tiketi?" Fundi akasema ndiyo. Jana Nyundo akauliza, "Au liko kwenye tangi?" Fundi akasema ndiyo, kwenye tangi. Wakamwaga tangi lote, na kumbe maji yenyewe ndiyo yaliyokuwa yamebaki. Jioni Nyundo akauliza kama litaletwa na gari. Ndiyo, litaletwa na gari. Gari la rangi gani, jeupe? Ndiyo, jeupe. Kila mahali palipotajwa palitoka kwanza kinywani mwa Nyundo. Yule mtu anamrudishia maneno yake mwenyewe ili apumzike. Ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo, ningekubali kwamba bomu liko mfukoni mwako.

Na Mkuu amefurahi. Gari jeupe linakagulika, unaona. Unaweka askari getini, kazi imekwisha, sherehe iendelee.

Nikwambie na aibu yangu. Niliposikia neno "gari" kupitia ukutani, nilifurahi na mimi. Nilimfikiria binti na nikasema moyoni, afadhali, endelea kidogo. Nilisema hivyo, mimi Mama Chai. Nikainuka nikaenda kunawa uso, na nilipotoka nikamwendea Mkuu nikamwomba mchana mmoja peke yangu na Fundi. Amekubali, si kwa ajili yangu. Nyundo mkono umemvimba, daktari kamwambia aupumzishe.

Naingia baada ya chakula. Niombee, hata kama umekasirika.

Chiriku


Ijumaa, tarehe 13, asubuhi mapema

Kaka yangu,

Soma hii taratibu mpaka mwisho kabla hujafanya lolote. Nimekula kiapo cha kazi na hapa nakivunja kwa macho mawili. Hatuna ruhusa ya kutoka kambini mpaka sherehe iishe. Babu Breki anatoka na gari la mikate, ndiye njia yangu pekee.

Hakuna bomu. Halijawahi kuwepo.

Jana nilimfungua Fundi mikono, nikamwekea chai mezani, na ilikuwa chai kweli, yenye sukari. Sikumwuliza kitu. Akashika kikombe, akaegemea meza, meza ikayumba, chai ikamwagika. Mtu aliyepigwa siku zote hizo, kaka, uso umevimba hata jicho moja halionekani, akasahau chai, akainama kutazama mguu wa meza pale ulipoungwa. Akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli.

"Aliyechomelea hii meza kalipua," akasema.

Nikamwuliza kalipua vipi.

"Kapitisha moto juu juu, mama. Vyuma havijashikana. Kaziba kwa rangi ili ionekane imekwisha."

Nikamwuliza, na jukwaa la mashariki? Alikitazama kile kikombe, kisha akaanza kulia polepole. Mkandarasi, akasema, aliwataka wamalize kabla ya Ijumaa ama asiwaone tena. Vijiti vya kuchomelea vilikuwa vimekwisha, wakaletewa puti, ule ujiuji mweupe wa kuzibia nyufa, na makopo ya rangi. Akampigia msaidizi wake simu akamwambia walilipue tu. Upande wote wa mashariki, kuanzia katikati kwenda juu, vyuma vimeshikwa na puti. Watu wachache linaweza kuwabeba. Likijaa, litakwenda.

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akanitazama kwa lile jicho lililobaki. "Nilisema siku ya kwanza kwamba ni kazi. Baada ya hapo wakaniuliza bomu, mama. Hakuna aliyeniuliza jukwaa."

Nikaenda kuisikiliza ile sauti ya simu, ambayo sote tulikuwa tumeisoma kwenye karatasi tu. Anasema hivi, na nyuma unamsikia akipumua kama mtu aliyechoka: "Tulipue tu jukwaa la mashariki, Ijumaa ndiyo hiyo." Aliyeichapa kaliacha "tu", kaona ni neno dogo. Nani analipua watu kwa bomu akasema "tu"? Sote ni Waswahili pale ndani, kaka, na sote tulikuwa viziwi.

Nilimpelekea Mkuu. Akasema Fundi ananichezea kwa kuwa nimemlegezea kamba, kwamba kukiri kwake kumeshatangazwa, na kwamba mgeni rasmi hawezi kuambiwa jukwaa la kwaya ni bovu. Mkandarasi ni rafiki yake. Nikamwambia basi ampeleke mhandisi akwangue rangi. Akanifungia nje ya ofisi.

Kwa hiyo ni wewe. Kama hawajapanda, wasipande; kama wameshapanda, fanya hivi. Usitamke neno bomu. Usiseme jukwaa linaanguka. Watoto wakisikia watakimbia, na wakikimbia hapo juu ndipo litakapoanguka. Lazima washuke taratibu, waliokaa chini kwanza, na wasikanyage kwa kishindo. Sijui utafanyaje. Mimi najua kuzungumza na mtu mmoja chumbani, wewe ndiye unayejua kuongea na umati wa watoto.

Najua unavyomchukia mtu huyu. Nakuomba umwamini kwa dakika chache tu.

Mdogo wako


Ijumaa, tarehe 13, jioni

Chiriku, Chiriku, Chiriku,

Wote wako hai. Naliandika hilo mwanzo kabisa kwa sababu nimejua leo barua inavyoweza kumtesa msomaji.

Babu Breki alistahili jina jipya. Ameendesha leo kama aliyeiba gari lenyewe, mikate imemwagika yote nyuma. Lakini alipofika uwanjani tulikuwa tumeshapanda. Jukwaa lilikuwa limejaa mpaka juu, watoto wa shule zote, na mimi nilikuwa chini nikiwatazama wangu wanavyopanga kola. Nikaifungua barua yako kwa hasira, nikijua umeniletea ubishi mwingine.

Nilipofika kwenye neno lile, kalipua, nilirudi nikalisoma tena. Mdogo wangu, neno hilo ni langu. Nenda shuleni Jumatatu ufungue daftari lolote la kidato cha pili. "Umelipua insha, rudia." Naliandika kwa kalamu nyekundu kila wiki. Nimewaambia mafundi wa bati, nimemwambia kinyozi. Nikalisikia redioni Jumatatu na sikulijua. Nilikuwa nasubiri kusikia bomu tangu wifi yako afe, basi nikalisikia.

Nikawaza kidogo. Huyu mtu anaweza kuwa anadanganya. Kisha nikajiambia, akiwa anadanganya, watoto watakuwa wamekaa kwenye majani, basi. Hilo lilinitosha.

Nikamnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti. Nikatengeneza sauti ile ya darasani ambayo huipendi, nikatangaza kwamba mgeni rasmi ameomba kwaya zote zishuke zimwimbie karibu, kwenye majani. Ni uongo, na nimeupenda. Nikasema tutashuka tukiimba ule wimbo wa mwisho, wa polepole, wote pamoja, maana kila shule inaujua. Mstari wa chini utaanza, wa pili utangoje ubeti uishe, na kuendelea hivyo. Na nikawaambia jambo ambalo kila mwanakwaya wa mji huu ameshalisikia kwangu mpaka amechoka: wimbo huu unaimbwa kwa pumzi, na nikisikia unyayo wa mtu, mtu huyo ameniharibia wimbo.

Binti akaanza. Nilimtazama usoni na nadhani alijua kuna jambo, kwa sababu sauti haikutetemeka hata kidogo. Wakashuka, Chiriku. Mstari baada ya mstari, ubeti baada ya ubeti, jukwaa zima likimiminika chini bila kishindo. Watu walidhani ni sehemu ya sherehe, wakasimama. Mgeni rasmi alivua miwani akapangusa macho. Na mimi nilikuwa naongoza kwa mkono mmoja, mkono wa pili nimeuweka kwenye nguzo ya jukwaa, na nilikuwa naisikia ikitetema.

Juu kabisa walibaki wadogo wa shule ya msingi, waliogopa kushuka peke yao. Nikampa binti kazi ya kuongoza, nikapanda mwenyewe. Niliwashusha kwa kuwashika mabega nikiimba kama kichaa. Tulipokaribia katikati ngazi moja ikazama chini yangu, kitu kikakatika kwa ndani, na pale kwenye kiungo puti ikapasuka ikaanguka vipande vyeupe kwenye kiatu changu. Nikaendelea kuimba. Sijawahi kuimba vibaya vile maishani.

Mguu wangu wa mwisho ulipogusa majani, uwanja ulilipuka kwa makofi. Tazama, nimeliandika tena.

Mkuu wenu akamtuma askari aniulize nani ameruhusu. Nikamjibu kwaya ni yangu. Nikamshika mhandisi wa mji mkono mbele ya mgeni rasmi, nikamvuta mpaka kwenye kile kiungo, nikampa funguo za nyumba yangu nikamwambia akwangue. Alikwangua kidogo tu. Alipogeuka alikuwa amebadilika rangi, akaagiza kamba izungushwe na asiruhusiwe mtu. Yule mkandarasi wa suti alitafutwa kwenye kiti chake, kiti kikawa kitupu.

Naandika barua hii nikiwa nimesimama, kwenye meza ya jikoni, na binti ananicheka hajui kwa nini. Naomba radhi kwa neno lile nililokuandikia Jumatano. Nililichagua nikijua litaumiza. Watoto wote walioshuka leo umewazaa wewe mara ya pili, na nitalisema hilo mbele ya yeyote.

Kaka yako,
Mwalimu


Jumatatu, tarehe 30

Kaka mpendwa,

Radhi nimeikubali. Lakini umeandika "utangoje", na unajua fika ni "utangoja". Nimesubiri nafasi hii tangu utotoni, nitaitundika ukutani.

Umeshasikia redioni, ila redio hainogi kama mimi. Wahandisi walilipakia jukwaa magunia ya mchanga, uzito wa nusu ya watoto wale, nusu tu. Likasimama kidogo, likainama upande, likaenda lote chini, na vumbi likafika barabarani. Nilikuwepo. Nilijishika kifua na mtu aliyekuwa karibu yangu, nisiyemjua, akanikumbatia.

Mkandarasi amekamatwa mpakani akiwa amevaa kandambili. Mkuu na Nyundo wamesimamishwa kazi, na kesi ya kumtesa Fundi imefunguliwa. Nyundo alikuja kuniaga. Akasema, "Nilikuwa nawaokoa, wallahi." Nikamwambia najua, na kwamba nitatoa ushahidi dhidi yake. Mimi nimepewa onyo kali kwa maandishi asubuhi, kwa kuvunja kiapo, na mchana wa siku hiyo hiyo nikapewa cheo. Sasa naongoza kitengo, na chumbani haingii mtu anayekunja mikono ya shati.

Fundi bado yuko hospitali. Jicho linarudi. Naye atajibu kwa ile kazi aliyoilipua, amekubali bila kuguswa, na ndiye shahidi mkuu dhidi ya mkandarasi.

Sasa nisikilize, kwa sababu nimechoka kupongezwa vibaya. Kila anayenishika mkono ananiambia, "Ulifanya vema, kumbe yule hakuwa na hatia." Sitaki pongezi hiyo. Angekuwa gaidi wa kweli, mwenye bomu la kweli, bado nisingemruhusu Nyundo ampige. Kwanza kwa sababu mtu anayeumizwa anakupa unachokitaka, na tulichokitaka sisi kilikuwa karibu kuwaua watoto. Lakini hata ungenihakikishia kwamba kipigo hufanya kazi, yule pale kitini ni mtu, na yuko mikononi mwetu, hawezi hata kujikuna. Tukimfanyia vile, nini tena tutakataa kufanya? Niliwaza hivyo na jina la binti kinywani mwangu, kwa hiyo usiniambie ni rahisi.

Nimelisema hilo leo kwa sababu ya hili linalofuata. Keti.

Wamempata aliyetega bomu la sokoni. Safari hii si sauti ya simu. Alama zake za vidole zipo kwenye kipande cha bomu kilichobaki, na chumba alichokuwa akitengenezea kimepatikana. Aliletwa jana. Mimi kwa sheria siwezi kumhoji, kwa kuwa mmoja wa marehemu ni wifi yangu, watamhoji wengine wa kitengo changu. Ila huko nje kumechafuka. Watu wamejaa getini wanadai arudishwe Nyundo kwa huyu mmoja tu. Magazeti yanauliza kanuni yetu mpya ya kutopiga inamlinda nani. Wizarani wanayumba, na wamesema watawasikiliza kwanza wafiwa wa sokoni kabla ya kuamua. Mwenyekiti wa wafiwa ni wewe.

Sitakuambia useme nini. Nimemwona kwa mbali akipita. Ni kijana mwembamba, anakohoa. Nilitamani kumkaba, kaka. Nikaingia ofisini nikafunga mlango.

Chochote utakachosema, nitabaki mdogo wako.

Chiriku


Jumatano, tarehe 2

Mdogo wangu,

Wafiwa tumekutana leo kwenye ukumbi wa shule, madirisha wazi, na waandishi wa habari wamejazana nje. Waliwahi kufika wenye hasira kuliko wote, nami niliwaacha waseme. Mama mmoja aliyefiwa na wanawe alisema anataka kusikia yule kijana akilia, hata kwa redio tu. Hakuna aliyemnyamazisha. Niliandika maneno yake kwa sababu ni yangu pia, niliyaandika kwako tarehe 9.

Kisha nikasimama. Sikuwahubiria. Niliwaambia kwamba mimi niliomba mtu apigwe, na alipigwa, na alisema yote niliyotaka kuyasikia, na mwanangu alikuwa amekaa juu ya yale aliyonyamazishwa asiyaseme. Nikawaambia sijamsamehe huyu wa sasa, wala sidhani nitamsamehe. Nataka ajibu. Nataka kujua nani alimtuma, nani alimpa nyaya za bomu, kwa nini soko letu na kwa nini saa ile wifi yako alipokuwa akichagua nyanya. Nataka akae mahakamani akiwa mzima, asiwe na jeraha hata moja la kujificha nyuma yake, aniangalie mimi na binti, na aseme.

Yule mama ndiye aliyeinua mkono wa kwanza. Alisema, "Basi aulizwe vizuri. Nataka kujua wanangu walikuwa wapi alipoliacha lile bomu." Kisha mikono ikainuka ukumbi mzima, Chiriku, hata ya wale waliokuja na mawe mifukoni. Tukatoka nje pamoja, na mimi nikawasomea waandishi tulichokiamua. Binti alikuwa amesimama pembeni yangu, kanishika shati.

Nakuletea hapa kama tulivyokisema, uwapelekee wenzako kabla hawajaingia chumbani: sisi ndio tuliofiwa, na tunataka mtu huyu aseme yaliyotokea, siyo yale tunayotaka kuyasikia. Asiguswe.

Kaka yako,
Mwalimu